Kitambaa cha meza cha vipande kitakachotulia: ushone mistari, miraba au matofali?

Kama una mfuko wa vipande vya vitenge, umepewa na fundi au umekusanya mwenyewe kutoka kwenye magauni ya miaka yote hiyo, na unataka uvitoe kitambaa cha meza, basi kabla hujashika mkasi kaa chini uamue mambo mawili: vipande utavipangaje, na nyuma utaweka nini. Haya mawili ndo yanaamua kama kitambaa kitatulia mezani au kitafanya milima na mabonde mpaka glasi ya maji inayumba. Pasi haiokoi jamani. Utapiga pasi mpaka mkono uume, kitatulia kidogo, ukiweka bakuli la wali wa moto kikapata mvuke kinanyanyuka tena, kwasababu shida haipo juu ya kitambaa, iko ndani ya mishono.

Mi nashona nyumbani na nimeshashona vya aina zote nitakazozitaja hapa, kwahiyo nitasema wazi kipi nakipenda na kipi sikupendekezei.

Tuchukue meza ya watu sita, ile ya sentimita 150 kwa 90. Ukitaka kitambaa kining'inie sentimita 20 kila upande unahitaji kitambaa cha 190 kwa 130. Nitatumia meza hiyo hiyo mpaka mwisho ili tulinganishe vitu vinavyofanana.

MIRABA ndo kila mtu anaanza nayo kwasababu ndo picha inayomjia mtu kichwani akisikia kitambaa cha vipande. Miraba ya sentimita 15 ikishashonwa (unakata 17, sentimita moja kila upande inaliwa na mshono), 12 kwa urefu na 8 kwa upana, inakupa 180 kwa 120, ukizungushia pindo la sentimita 5 unafika 190 kwa 130 kamili. Miraba 96. Kwenye kitenge cha upana wa sentimita 112 hivi, yadi moja inatoa miraba 30, kwahiyo yadi tatu na kipande kidogo zinatosha, na uzuri wa miraba ni kwamba hata kipande kidogo kilichobaki kwenye shingo ya gauni kinapata kazi. Hapo hakuna anayeishinda miraba.

Lakini hesabu mishono. Una mishono mifupi 84 ya kuunga miraba iwe safu, halafu mishono mirefu 11 ya kuunga safu, na mahali ambapo kona nne zinakutana ni 77. Sabini na saba! Kila moja ni kinundu kinachosubiri kutokea. Na bado kuna suala la kukosea kidogo kidogo, maana ukipitisha mshono ndani zaidi kwa milimita moja tu unapoteza milimita moja kila upande, yani mbili kwa mshono mmoja, na safu moja ina mishono 7, hiyo ni milimita 14. Sasa safu moja uliyoishona asubuhi umetulia imetoka sawa, ya jioni umechoka imepungua karibu sentimita moja na nusu, ukiziunga unavuta fupi ifikie ndefu, hapo hapo umeshatengeneza wimbi ambalo halitoki mpaka kitambaa kinachanika.

MISTARI ni vipande virefu vinavyokimbia kutoka ubavu mmoja wa meza hadi mwingine. Kwa meza yetu ni mistari 12 yenye upana wa sentimita 15 na urefu wa 120, mishono 11 basi, hakuna kona nne hata moja. Mchana mmoja umemaliza. Na mistari ina siri moja ambayo miraba haina: huhitaji kuikata, unaichana. Kitambaa cha pamba ukikitia mkasi kidogo ukingoni ukakivuta kwa mikono miwili kinachanika kufuata uzi wenyewe, na uzi hauongopi. Mkasi unafuata jicho lako, na jicho linafuata maua ya kitenge, na maua ya kitenge mara nyingi yamechapwa yakiwa yameinama kidogo kuliko uzi. Ukifuata maua umekata mshazari bila kujua. Pamba ikikatwa mshazari inavutika, ukingo unarefuka kila ukiugusa, unashona vizuri kabisa lakini kitambaa kinatoka kimekunjamana. Ukishachana, ukingo unakuwa umejikunja kidogo, upige pasi kwa kushindilia, usisukume pasi mbele na nyuma kama unanyoosha shati kwasababu kusukuma nako kunavuta.

Chana kwa urefu, sambamba na ule ukingo mgumu wa kiwandani, maana nyuzi za mtande (zile zinazokimbia kwa urefu) zinavutika kidogo sana ukilinganisha na za mshindio (zile zinazokata upana), na mstari mrefu unaobebwa na mtande haulegei ukifuliwa.

Ubaya wa mistari ni kwamba unahitaji vipande virefu. Mfuko wa fundi hauna vipande vya sentimita 120 isipokuwa bahati iwe yako. Na kwa macho yangu mistari mitupu inapendeza ila inachosha, inafanana na pazia.

MATOFALI ndo jibu langu na ndo nayashona siku hizi. Unachukua vipande vya upana mmoja lakini urefu wowote, 12, 20, 35, unaviunga kichwa kwa mkia mpaka upate mstari wa sentimita 122 (unabana sentimita moja kila mwisho), halafu unapanga mistari yako kama fundi muashi anavyopanga tofali, kiungo cha mstari huu kisikutane na kiungo cha mstari wa pembeni. Hapo umetumia vipande vidogo kama miraba, na bado huna kona nne hata moja. Kwa macho ni vizuri kuliko vyote, rangi zinatembea hazijajipanga jeshi.

Sasa nifafanue kwanini hizi kona nne nazichukia hivyo, na hapa naomba usome polepole maana ndo moyo wa jambo lote.

Mshono ukishashonwa unaweza kuumaliza kwa njia tatu. Ya kwanza unaufungua, kingo moja inalala kushoto moja kulia. Ya pili unazilaza zote upande mmoja. Ya tatu ni mshono wa jinzi, ule wa ubavuni mwa suruali, unapunguza kingo moja, nyingine unaikunja juu yake unaifungia ndani na kupiga mshono wa pili, hakuna ukingo wenye nyuzi wazi nyuma. Kwenye mshono wa kawaida ulionyooka unene ni tabaka 2 ukifungua, 3 ukilaza, na 4 kwa jinzi. Haitishi. Lakini mahali ambapo mshono unavuka mshono tabaka zinazidishana: ukifungua yote unapata 4, ukilaza yote upande mmoja unapata 9, na jinzi juu ya jinzi ni 16. Tabaka 16 za kitenge! Hiyo ni zaidi ya unene wa mshipi wa suruali, sindano inakatika, na glasi ikikaa hapo inainama. Sasa zidisha kwa kona 77.

Kwa waliozoea kulaza, kuna ujanja wa kulaza safu hii kushoto na ya chini yake kulia ili zikikutana zikumbatiane, unatoka kwenye tabaka 9 unapata 5 upande mmoja na 7 mwingine. Inasaidia kweli, na pia kona zinakaa sawa kwasababu zinashikana zenyewe ukiwa unashona. Ila bado nne ni ndogo kuliko saba.

Kwa matofali, sehemu ambayo kiungo kinagonga mstari mzima, jinzi inatoa tabaka 10, sio 16. Ni nyingi lakini cherehani ya kawaida inapita ukizungusha gurudumu kwa mkono taratibu, na ukigonga hapo kwa nyundo ya mbao kabla ya kushona pananywea. Mi nafanya hivi: viungo vifupi nafungua, mishono mirefu napiga jinzi, ule mshono wa jinzi unapita juu ya ncha za viungo na kuzibana. Hapo kwenye makutano unene unashuka hadi 6.

Kwahiyo ukitaka kitambaa cha TABAKA MOJA kisicho na bitana, chagua mistari au matofali na mshono wa jinzi. Ukitaka MIRABA, fungua mishono yote na lazima uweke bitana, kwasababu mshono uliofunguliwa umeacha nyuzi wazi nyuma na ukiufua mara kumi bila bitana unaanza kuchambuka. Miraba na jinzi usivichanganye kabisa.

Na kuna njia ya katikati ambayo watu hawaifikirii, kuongeza ukubwa wa mraba. Ukitumia miraba ya sentimita 30 unahitaji 24 tu, kona nne zinashuka kutoka 77 hadi 15. Hili wanawake wa pwani walilijua zamani. Leso kabla haijawa kanga inasimuliwa kwamba ilianza hivyo hivyo kwa kuunga, karne ya 19 walinunua vitambaa vya mkononi vilivyochapwa maua, jina leso lenyewe ni la Kireno, wakaunga sita kwa pamoja, vitatu juu vitatu chini, wakapata vazi moja la kujifunga. Sita kwa mpango huo zina kona nne mbili tu. Vazi linalala mwilini vizuri na huna vinundu. Mi hii habari naipenda sana kwasababu watu wanadhani kuunga vipande ni jambo la kuiga, kumbe nguo tunayoithamini kuliko zote imezaliwa hapo.

Haya, twende NYUMA ya kitambaa.

Bila bitana: chepesi, kinakauka haraka, kikimwagikiwa mchuzi wenye binzari unakifua muda huohuo jioni kiko mezani. Kwenye meza ya mbao kinashika vizuri. Kwenye meza ya kioo kinateleza, mtoto akivuta kidogo kinakuja na vikombe.

Bitana ya kugeuza, yani unashona mbele na nyuma kama foronya, unaacha tundu, unageuza, unaziba: hii ndo inayovutia kwasababu ni rahisi na kingo zinatoka safi, na hii ndo sikupendekezei. Nilimshonea shangazi yangu kwa ajili ya Idd, vipande vya vitenge mbele na nyuma kitambaa cheupe cha mchanganyiko, siku ya Idd kilikaa kama kimepakwa mezani kila mtu akasifu. Alipokifua mara ya kwanza kikavimba kama chapati kwenye kikaango. Vitenge vilirudi, kitambaa cha nyuma hakikurudi, na kwasababu vilikuwa vimeshikana pembeni tu, ile ziada yote ilijikusanya katikati. Iliniuma maana alikuwa ameshakipenda, na hakukuwa na namna zaidi ya kufumua pande zote nne na kuanza upya.

Pamba ambayo haijafuliwa inaweza kurudi asilimia 3 mpaka 5 ikiingia kwenye maji. Kwenye kitambaa cha sentimita 190 hiyo ni karibu sentimita 6 mpaka 9 na nusu. Tetroni na poliesta hazirudi. Kwahiyo ukivichanganya vibichi umeshajipangia uvimbe.

Njia ya kugeuza iache kwa vitu vidogo, vile vya kuwekea sahani, visivyozidi sentimita 40 au 50, hapo haina madhara.

Bitana ya kushikiza: unatandika bitana sakafuni, unaibana pembeni kwa utepe wa karatasi wenye gundi ikiwa imenyooka lakini haijavutwa, unalaza kitambaa chako juu, unapiga bandi (mishono mirefu ya kushikilia kwa muda) kuanzia katikati kuelekea nje, halafu kwa cherehani unapita juu ya mishono mirefu ili mbele na nyuma vishikane kila baada ya sentimita 15 au 30. Mwisho unazungushia utepe. Hii ndo inayofaa miraba na ndo inayokaa miaka. Inachukua muda, mi ilinichukua jioni za wiki nzima, ila ikishatulia imetulia. Ukiweza tumia marekani kwa bitana, kile kitambaa cha pamba chenye rangi ya maziwa ambacho hakijapaushwa, kilichopewa jina hilo kwasababu kilikuja Zanzibar kwa meli za Wamarekani kutoka Salem, Massachusetts, karne ya 19. Ni pamba tupu, ni kizito kidogo, na kwenye meza ya kioo kinashika kuliko kitenge. Kifue kwanza, hata mara mbili, maana kinarudi sana.

Kuweka sponji au pamba ya godoro katikati: hapana. Ni nzuri kwa blanketi na kwa kushikia sufuria. Mezani unataka glasi isimame, na kitu laini chini ya glasi ni hatari ya kila siku, hasa kama una watoto au mzee ambaye mkono unatetemeka.

Kuhusu KITAMBAA chenyewe, kitenge na kanga. Kitenge kimefumwa kwa kubana zaidi, kinachanika kwa mstari ulionyooka, kinavumilia sindano namba 14. Kanga ni nyepesi, wanga ukishatoka kwenye maji inalegea, inavutika zaidi upande wa mshindio, tumia sindano namba 12 au 11 na usiivute ikiwa inapita. Kanga kuukuu iliyofuliwa miaka ni tamu kufanya nayo kazi kwasababu imeshamaliza kurudi na kuchuja. Usiweke kipande cha kanga kuukuu pembeni ya kitenge kipya ambacho hakijaingia majini, huo ni ugomvi. Kama unataka kuchanganya vyote fua kila kitu, anika, piga pasi, ndo ukate. Na usichane kanga yenye jina ukalikata katikati, panga neno zima likae kwenye mstari mmoja, kwenye matofali linakaa vizuri mno na wageni wanasoma wakiwa wanasubiri chai.

Kama hujui kipande ni pamba au la, chomoa nyuzi mbili uzichome juu ya sahani. Pamba inaungua kama karatasi inabaki jivu, poliesta inayeyuka inakuwa kishanga kigumu. Weka za poliesta kando, zitumie kwa kitu kingine.

Rangi: chumvi na siki hazishiki rangi ya kitambaa kilichotoka kiwandani, najua tumefundishwa hivyo na mama zetu. Kinachosaidia ni kufua mpaka maji yatoke meupe. Ukitaka kuhakikisha lowesha kitambaa cheupe, weka juu ya kipande, bandika pasi ya moto, kikiondoka na rangi bado.

PINDO sasa, hapa ndo wengi wanaharibu kazi nzuri. Umemaliza katikati imetulia kabisa, unachukua utepe mrefu unaanza kuushona kona moja unazunguka mpaka unapoishia, unakata. Kosa. Ukingo wa kitambaa cha vipande umeshavutika kwa kushikwashikwa, pindo linaufuata, pembeni panakuwa parefu kuliko katikati, kitambaa kinacheza pembeni kama sketi ya marinda. Pima kupitia KATIKATI ya kitambaa, urefu na upana, ukate mapindo manne kwa vipimo hivyo (kwa yale mawili ya mwisho ongeza upana wa mapindo yaliyokwisha shonwa), ubane kwa pini mwanzo, mwisho na katikati, halafu ukingo ujipunguze wenyewe ufuate pindo. Pindo la urefu kwanza, la upana baadae.

Meza ya mstatili utepe uliokatwa kwa kufuata uzi unatosha na ndo bora zaidi kwasababu hauvutiki. Meza ya duara lazima utepe wa mshazari, upana sentimita 4 hivi, maana wa uzi ulionyooka hauwezi kupinda bila kukunjamana. Na kwa meza ya duara nakushauri bitana ya kushikiza hata kama umetumia matofali, kwasababu ukishakata duara sehemu kubwa ya ukingo wote imekuwa mshazari, bila bitana itaning'inia na kurefuka yenyewe.

Cherehani haina ubaguzi, ya mkono, ya miguu, ya umeme, zote zinaweza. Ila kumbuka meno ya chini yanasukuma kitambaa cha chini haraka kuliko cha juu, ndo maana ukimaliza mshono mrefu cha juu kinakuwa kimebaki na ziada. Kwa mistari na matofali shona mshono mmoja ukianzia juu, unaofuata anzia chini, namna hiyo hadi mwisho. Ukianzia upande mmoja siku zote kitambaa kizima kinapinda kama upinde na hutajua kwanini. Punguza mgandamizo wa mguu kama cherehani yako ina skrubu hiyo, na jaribu uzi kwenye kipande cha pembeni, kama mshono unakunjakunja kitambaa legeza uzi wa juu kidogo kabla hujagusa kazi yenyewe.

Kwahiyo kama unataka kuokoa muda na unataka cha kila siku, cha kufua jumatatu na alhamisi, shona matofali ya tabaka moja. Kama una vipande vyenye kumbukumbu, gauni la marehemu bibi, kitenge cha arusi, na unataka kitu cha kumwachia binti yako, shona miraba mikubwa na bitana ya kushikiza ya marekani, usiharakishe. Kama meza ni ya kioo, bitana hata kama ni cha kila siku. Kama una kanga ndefu nzima mbili tatu tu na sherehe ni kesho kutwa, chana mistari.

Na ukimaliza usikikunje mara nane ukakibana kabatini chini ya mashuka. Kiviringishe kwenye kile kibomba cha boksi ambacho duka la vitambaa wanakitupa, waombe tu watakupa.